Mto ukipanda: namna ya kuikinga nyumba yako Kilosa na miji kama hiyo

Kila mvua zikinukia maswali ni yaleyale. Viroba vingapi vinatosha mlango mmoja? Nijaze mchanga au udongo? Nizibe mlango au niyaache maji yapite? Choo nacho? Majibu yako hapa chini, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mfano wetu ni Kilosa, kwa sababu mji ule umekaa ukingoni mwa mto Mkondoa na historia yake inajulikana. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto ulipasua matuta yake, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli ya kati ikabomolewa vipande kati ya Kilosa na Gulwe. Lakini kama unaishi Ifakara, Budalangi au Garissa, badilisha jina la mto tu, vipimo ni vilevile.

Kabla ya yote: usianze na viroba. Wengi wanakimbilia viroba kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye taarifa ya habari. Anza na namba moja, yaani kimo cha maji mlangoni pako. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama nyumba yako ni ya kuzuia maji, ya kuyapisha, au ya kuhamwa mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya msimu

- Tepu ya kupimia, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 10 hadi 20, ule ambao mafundi wanautumia kupima usawa
- Rangi ya mafuta kopo dogo na brashi
- Mifuko ya salfeti (ile ya unga, mchele au mbolea), 60 kwa kila mlango wa nje. Inunue mitupu, isiwe na matundu
- Mchanga, toroli 10 hadi 11 kwa kila mlango, umwagwe mahali pa juu karibu na nyumba na ufunikwe
- Beleshi 2, na kamba ya katani au ya nailoni
- Turubai au karatasi nzito ya nailoni, upana usiopungua mita 2
- Mbao za inchi 2 kwa 8, vipande 3 kwa kila mlango, na chaneli mbili za chuma (maelezo hatua ya 5)
- Tyubu za pikipiki zilizokufa
- Tochi yenye betri mpya, filimbi, redio, na simu iliyojaa chaji
- Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, na dawa ya kutibu maji ya kunywa

Mchanga usiuchimbe ukingoni mwa mto wala chini ya tuta. Ukingo unaochimbwa ndio unaomegeka kwanza, na maji yakipata tundu pale hayaangalii nani alichimba.

Hatua ya 1: Tafuta namba yako

Tafuta alama ya mafuriko ya zamani. Angalia kuta za shule, msikiti, kanisa, nguzo za daraja: mara nyingi kuna mstari wa tope ambao chokaa mpya haijaufuta vizuri. Kama hakuna, uliza wazee watatu, kila mmoja peke yake, na uwaulize kwa mwili: yalifika gotini, kiunoni, au usawa wa dirisha? Mmoja akisema kiunoni na wawili wakasema gotini, sikiliza wawili, ila kumbuka huyo mmoja huenda alisimama kwenye shimo.

Sasa ihamishe alama hiyo hadi kwako:

1. Jaza maji kwenye mpira taratibu mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki ndani kipimo kinaharibika.
2. Mtu mmoja ashike ncha kwenye alama ya zamani, wewe shika ncha nyingine kwenye ukuta wako. Ncha zote mbili ziwe wazi.
3. Pandisha au shusha ncha yako hadi maji ya upande wa pili yasimame sawa na alama. Usawa wa maji upande wako ndio kimo chenyewe. Chora mstari.
4. Kama umbali ni mrefu kuliko mpira, hamisha kwa vituo: chora mstari ukuta wa katikati, kisha uendelee kutoka hapo.
5. Pima kutoka kizingiti cha mlango hadi mstari. Ongeza sentimita 30.

Hizo 30 si za mapambo. Mkondoa unabeba mchanga mwingi na sakafu ya mto inapanda, kwa hiyo maji yaleyale ya mwaka ule leo yanaweza kusimama juu zaidi. Andika namba ya mwisho kwa rangi ukutani, ndani ya nyumba, ili hata mpangaji ajue.

Hatua ya 2: Amua: kuzuia, kupisha au kuhama

Nadharia ni fupi. Maji yaliyosimama nje ya ukuta wakati ndani ni pakavu yanausukuma ukuta. Yakiwa na kimo cha sentimita 60, msukumo ni takribani kilo 180 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Sentimita 90, zaidi ya kilo 400. Sentimita 120, kilo 720. Kimo kimeongezeka mara mbili, msukumo mara nne. Ndiyo maana nyumba iliyozibwa vizuri sana huanguka wakati ya jirani, iliyoachwa wazi, inabaki imesimama na tope lake.

Nyumba ya tofali za saruji, au tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji: zuia hadi sentimita 60, usizidishe. Maji yakipita hapo, fungua mlango mwenyewe yaingie.

Nyumba ya tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo: mwisho sentimita 30.

Nyumba ya tofali mbichi au ya miti na udongo: usizuie maji mlangoni kabisa. Ukuta wa namna hiyo hausukumwi tu, unayeyuka. Saa chache za kulowa chini zinatosha kuuangusha ghafla, mara nyingi baada ya maji kupungua, watu wameshaanza kurudi. Kinga yako ni msingi (hatua ya 3), kuelekeza maji mbali (hatua ya 4) na kuhama mapema (hatua ya 8).

Namba yako ikizidi mita 1, au nyumba ikiwa mahali ambapo maji hupita kwa kasi badala ya kutuama, hama. Na kama uko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hapa Tanzania inakataza shughuli za kudumu mahali hapo. Fedha ya kujenga kizuizi pale ni fedha iliyotupwa mtoni mara mbili.

Hatua ya 3: Msingi na mguu wa ukuta

Hii ni kazi ya kiangazi. Kama unajenga upya, sakafu ikae juu ya namba yako. Msingi uwe wa mawe au tofali za kuchoma kwa saruji, ujazwe ndani na kushindiliwa kila sentimita 15. Ukimwaga kifusi chote kwa mkupuo na kushindilia juu tu, sakafu itatitia mwaka wa kwanza.

Kuta hata zikiwa za tofali mbichi, mistari minne ya kwanza juu ya sakafu iwe tofali za kuchoma kwa mota ya saruji moja kwa mchanga tano. Juu ya milango na madirisha zungusha lenta (mkanda wa zege) nyumba nzima. Lenta ndiyo inayoufanya ukuta mmoja ukiyumba ushikwe na mingine mitatu.

Nyumba ambayo imeshajengwa kwa udongo bado inasaidika:

1. Kwangua sentimita 60 za chini za ukuta upande wa nje hadi upate udongo mgumu.
2. Pigilia wavu wa kuku kwa misumari mirefu yenye vizibo vya soda vilivyotobolewa, kila sentimita 30. Bila wavu, plasta ya saruji inaachana na udongo baada ya mvua mbili tatu na kubaki kama ganda. Maji huingia nyuma yake na hutayaona.
3. Lowesha, piga plasta ya saruji moja kwa mchanga nne, unene sentimita 2 hadi 2.5. Ilowanishe asubuhi na jioni kwa siku 7.
4. Mguuni mwa ukuta mwaga zege upana sentimita 60 hadi 100, likiinamia nje. Mwinamo wa sentimita 3 unatosha. Hili linazuia maji ya paa na ya mafuriko kuchimba chini ya msingi.

Kosa la kawaida: kupaka saruji ndani na nje mpaka juu ya ukuta wa udongo. Unyevu ulioingia unakosa pa kutokea. Acha sehemu ya juu ipumue kwa udongo au chokaa.

Hatua ya 4: Mitaro, nyasi na tuta

Zungushia kiwanja mtaro wa kina cha sentimita 40 na upana wa sentimita 50 juu, 30 chini, ukielekea kwenye mtaro wa barabara. Usiuelekeze kwa jirani. Zaidi ya ugomvi kwa mwenyekiti wa kitongoji, maji yakijaa kwake yanarudi kwako. Mitaro yote iwe imezibuliwa wiki mbili kabla ya mvua, na tope lililotolewa lipelekwe mbali. Ukiliacha ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka.

Upande wa mkondo panda mistari ya nyasi za vetiva, mche kila sentimita 15. Mizizi yake inashuka chini kwa kina badala ya kutambaa, na mstari ukishashikana unapunguza kasi ya maji na kuchuja mchanga. Mabingobingo nayo yanafaa na ng'ombe wanakula, mradi uyakate bila kuyang'oa. Panda angalau msimu mmoja kabla. Mche wa wiki tatu unasombwa.

Tuta la mto si lako peke yako, lakini likikatika ni lako. Kataeni kwa pamoja mambo haya juu yake: kulima, kupanda migomba au miti mikubwa (mti ukifa mizizi inaoza na kuacha bomba ndani ya tuta), kupitisha mifugo sehemu moja kila siku, na kukata kijifereji cha kumwagilia bustani. Mashimo ya panya na kenge yazibwe kwa udongo mfinyanzi ulioshindiliwa, mchanga hauzibi. Mkiona maji yanabubujika upande mkavu wa tuta, angalieni rangi. Maji maang'avu ni ya kuangalia. Maji ya tope maana yake tuta linaliwa kwa ndani: watu waondoke chini yake kwanza, ndipo mtendaji apigiwe.

Hatua ya 5: Mbao za mlango

Kwa nyumba inayoruhusiwa kuzuia, hiki ndicho kizuizi bora. Kinafungwa kwa dakika tano na mtu mmoja, hata usiku.

1. Chukua chaneli mbili za chuma zenye umbo la U, upana wa ndani sentimita 7, urefu sentimita 65. Zifunge wima kila upande wa mlango, kwenye ukuta wa nje, kwa bolti 4 kila moja. Fremu ya mlango haifai, itang'oka.
2. Nyuma ya chaneli, kabla ya kukaza, paka mota ya saruji au silikoni. Hapa ndipo wengi wanapovujiwa.
3. Kata mbao za 2 kwa 8 ziwe fupi kwa sentimita 1 kuliko nafasi kati ya migongo ya chaneli. Zilowanishe siku moja kabla ya kukata. Ubao mkavu ukivimba kwenye maji unakwama au unapinda. Paka oili chafu pande zote, hasa ncha.
4. Chini ya ubao wa kwanza na kati ya mbao pigilia ukanda wa tyubu ya pikipiki iliyopasuliwa. Sakafu chini yake iwe imesawazishwa kwa saruji laini, si kokoto.
5. Mbao tatu zikipangwa zinafika takribani sentimita 60. Hapo ndipo mwisho, usiongeze ya nne hata ukiwa nayo.
6. Zisukume ziegemee upande wa nyumba, kisha kaza kwa kabari za mbao kutoka upande wa maji. Msukumo wa maji wenyewe utazibana zaidi.

Andika 1, 2, 3 kwenye mbao na uzitundike nyuma ya mlango huohuo. Mbao zilizowekwa stoo nyuma ya mkaa hazitaonekana siku yenyewe. Jaribu kuzifunga mara moja kila Oktoba.

Usisahau matundu mengine: tundu la hewa chini ya ukuta, pa kupitisha bomba, ufa kwenye pembe. Mlango ukizibwa, maji yanatafuta hayo.

Hatua ya 6: Viroba

Kwa mlango usio na chaneli, au kwa kuongeza nguvu mbele ya mbao.

Kimo cha sentimita 60 kwa urefu wa mita 1.5 kinahitaji viroba kama 44, kwa hiyo andaa 50 na mifuko 10 ya akiba. Hesabu yake: kiroba kilichojazwa kilo 20 kikikanyagwa kinakuwa na urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa 12. Tabaka tano, la kwanza na la pili safu tatu tatu kwa upana, la tatu na la nne mbili mbili, la juu moja. Mchanga wa viroba 50 ni tani 1.

1. Jaza nusu, usizidi theluthi mbili. Kiroba hakijazwi pomoni! Kilichojaa kinakuwa kama jiwe la mviringo, kinaacha mapengo na kinabiringika. Hili ndilo kosa namba moja.
2. Usikifunge kwa kamba shingoni. Kunja mdomo wake chini ya kiroba chenyewe, uzito uukalie.
3. Safisha chini kwanza. Ondoa majani, mchanga mlegevu na takataka, la sivyo maji yanapita chini ya ukuta wako mzuri.
4. Tandika turubai kuanzia upande wa maji, kipande cha mita 1 kikilala chini kuelekea mto. Kingine utakipandisha mwishoni kufunika uso wa viroba. Usilivute likaze, lilegee kidogo ili maji yaligandamize kwenye viroba.
5. Panga tabaka la kwanza, midomo iliyokunjwa ielekee upande mkondo unakotoka. Kanyaga kila kimoja kwa miguu miwili.
6. Tabaka linalofuata lipishane na la chini kama tofali, kamwe maungio yasilingane. Kanyaga tena.
7. Pandisha turubai juu, likandamize kwa viroba vya juu. Ncha ya chini iwekee viroba vichache ili isifunuliwe.

Mchanga ni bora. Udongo wa kawaida unafaa ukikosekana mchanga. Mfinyanzi mtupu hauchukui umbo, na udongo wa juu wenye mizizi na samadi unaoza. Watu wawili waliozoea, mchanga ukiwa mlangoni, wanamaliza viroba 50 kwa saa moja hivi. Usiku, mvuani, na watoto wanalia, hesabu saa mbili.

Viroba mbele ya nyumba nzima bila turubai ni jasho la bure. Kiroba kinapunguza kasi ya maji, turubai ndilo linaloyazuia.

Hatua ya 7: Choo, kisima, umeme na akiba ya chakula

Hapa nyumba nyingi zilizozuia mlango vizuri ndipo zinaposhindwa, kwa hiyo soma taratibu.

*Choo cha ndani.* Maji ya mto yakiingia kwenye chemba za nje (mashimo ya maji taka), yanarudi ndani kupitia bakuli la choo na tundu la bafuni. Chukua mfuko imara wa nailoni, tia kilo 5 hadi 8 za mchanga, funga, usokomeze kwenye tundu la choo hadi ukae, kisha ongeza kiroba kizito juu. Tundu la bafuni lizibe kwa kitambaa kilichoviringishwa ndani ya nailoni, na jiwe juu. Baada ya hapo choo hakitumiki. Tenga ndoo yenye mfuniko na majivu.

*Choo cha shimo.* Kifunike tundu lake kwa mfuniko wa zege au ubao wenye uzito juu yake. Unapojenga kipya, inua sakafu yake kwa ngazi hadi juu ya namba yako, na kuta za shimo zijengewe tofali za kuchoma mita 1 ya juu, kwa sababu shimo la udongo mtupu likilowa linaporomoka na mtu juu. Kisima kiwe mbali nacho angalau mita 30.

*Kisima.* Shingo yake ipande sentimita 50 au zaidi juu ya ardhi, iwe na mfuniko wa zege na zege la mzunguko la mita 1. Kisima kilichofunikwa na maji ya mto kihesabu kichafu mpaka kitibiwe.

*Umeme.* Soketi nyingi zinawekwa sentimita 30 kutoka sakafuni. Muite fundi mwenye leseni azipandishe hadi sentimita 120 au 150, nyaya zishuke kutoka darini badala ya kupanda kutoka chini. Mita ya LUKU si yako kuihamisha. Omba shirika la umeme.

*Mahindi na mpunga.* Kichanja kikae juu ya namba yako, lakini hesabu uzito: gunia kumi za kilo 100 ni tani nzima. Usizitundike kwenye dari la mirunda. Jenga miguu yake kuanzia chini, nguzo sita, na uzifunge pembeni kwa mbao za mshazari ili maji yasiziyumbishe. Mbegu za msimu ujao ziweke kwenye dumu lililofungwa kizibo, peke yake, mahali pa juu kabisa.

*Karatasi.* Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, kadi za kliniki: mfuko wa nailoni ndani ya mwingine, kisha begi moja karibu na mlango. Zipige picha na uzitume kwa ndugu anayeishi mlimani.

Hatua ya 8: Onyo, na siku yenyewe

Kilosa inaweza kufurika jua likiwaka. Maji ya Mkondoa yanatoka mbali, upande wa Mpwapwa na Dodoma kupitia mto Kinyasungwe, yanashuka Gulwe na Kidete kabla ya kukufikia. Kwa hiyo mtu wa kupigiwa simu ni yule wa juu ya mto. Kila kitongoji kiwe na namba tatu za watu wa Kidete, Godegode au Gulwe, na mtu wa kuzipiga saa kumi na mbili jioni kila siku ya msimu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizeni wa mikoa ya juu pia, si wa Morogoro tu. Wakitaja angalizo, andaeni. Tahadhari, hamisheni vitu. Tahadhari kubwa, watoto na wazee walale kwingine usiku huohuo.

Simamisheni nguzo ya kupimia mtoni, mahali panapoonekana bila kushuka ukingoni, yenye mistari kila sentimita 10. Pakeni njano pale ambapo bado mna saa tatu za kazi, na nyekundu pale ambapo mna muda wa kuondoka tu. Andikeni kimo kila nusu saa. Kasi ya kupanda ni muhimu kuliko kimo chenyewe.

Mto ukifika njano:

1. Mifugo iondoke kwanza, ndiyo inayochelewesha wengine.
2. Funga mbao, panga viroba, ziba vyoo.
3. Pandisha vitu juu ya namba, vizito chini, vyepesi juu.
4. Jaza maji safi ndoo zote mbili.
5. Zima swichi kuu ya umeme ukiwa umesimama pakavu. Kama sakafu imeshalowa, usiiguse. Funga mtungi wa gesi na uufunge kwa kamba ukutani, kwani mtungi huelea.

Ukifika nyekundu, toka. Acha mlango bila kufuli la ndani. Usivuke maji yanayokwenda: ya kimo cha sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, yanamwangusha mtu mzima, na gari dogo linaanza kuelea kabla maji hayajafika dirishani. Kwa msaada piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Kenya, Msalaba Mwekundu ni 1199.

Hatua ya 9: Maji yakishatoka

Usirudi siku hiyohiyo kwenye nyumba ya udongo. Izunguke kwa nje kwanza: ufa mpya wa mshazari kutoka pembe ya dirisha, ukuta uliotoa tumbo, au mlango ambao haufungi tena, vyote vinasema usiingie. Tumia fimbo kabla ya mkono. Nyoka nao walikimbilia pa juu.

Kama ndani kumebaki maji na nje bado yako juu, subiri. Usipige pampu mpaka ya nje yashuke, usije ukauongezea ukuta mzigo. Tope likokotwe nje likiwa bado bichi, maana likikauka linageuka tofali. Osha kwa sabuni, kisha sakafu na kuta za saruji zipanguswe kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, nusu lita kwenye ndoo ya lita 20 ya maji. Usiichanganye na dawa ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu. Vaa buti na glavu, na funika vidonda. Maji ya kunywa yachemke kabisa kwa dakika moja, au yatibiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa. Umeme usiwashwe hadi fundi akague soketi.

Mambo yakienda mrama

*Mlango mkavu, lakini maji yanatoka sakafuni.* Ardhi imeshiba maji na yanapenya kwenye nyufa za sakafu. Usirundike viroba juu ya ufa ukidhani utauziba. Chota na uyatoe juu ya mbao, na kama yanazidi uwezo wako, yaache yaingie. Kiangazi, rudia sakafu kwa karatasi ya nailoni chini ya zege.

*Pembe za viroba zinavuja.* Turubai halikupita pembe. Chukua kiroba kimoja kilichojaa robo tu, kitwange pembeni kwa mguu, kisha uongeze turubai juu. Kuvuja kidogo ni kawaida. Ndoo na kitambaa vinatosha.

*Viroba vya mwaka jana vinapasuka mkononi.* Jua limeviua. Salfeti iliyoachwa nje inaoza kwa miezi michache. Hifadhi mitupu, ndani, gizani, mbali na panya.

*Ukuta wa viroba unateleza kuelekea mlangoni.* Upana wa chini ni mdogo, au chini kuna tope. Usimsimamishe mtu nyuma yake kuushikilia. Ongeza safu nyuma, na kama unaendelea, ondokeni.

*Mbao zimevimba, hazitoki kwenye chaneli.* Usizipige nyundo, utalegeza bolti. Ng'oa kabari, zisubiri siku mbili kivulini, zitanywea. Mwaka ujao zikate fupi kwa nusu sentimita zaidi.

*Choo kinatoa povu na harufu ingawa kimezibwa.* Hewa inasukumwa na maji ya chemba. Ongeza uzito, usiondoe mfuko kuchungulia.

*Maji yamesimama uani siku ya tatu, mto umeshashuka.* Mtaro umejaa mchanga sehemu fulani. Fuata kutoka chini kwenda juu, si kutoka kwako kwenda chini, na uzibue pale unapokutana na maji yaliyotuama kwanza.

*Plasta ya chini inasikika tupu ukiigonga.* Imeachana na ukuta. Ibandue yote sehemu hiyo, acha ukuta ukauke wiki nne au zaidi, ndipo urudie na wavu. Ukipaka juu ya unyevu utaibandua tena Machi.